Mwongozo kamili: kufufua injini ya mvuke ya kuchezea ya zamani, kutoka kabatini mpaka inazunguka

Kuna swali naulizwa sana na watu wa nyumbani na karibu kila mara linakuja na picha. Pichani kuna kainjini ka brasi kamejaa vumbi na masizi, mjomba kakaleta toka Ulaya kwenye begi au mtu kakakuta kabatini kwenye nyumba ya zamani, na chini yake kaandika: hii naiwashaje? Jibu langu la kwanza siku zote ni usiiwashe. Bado. Tuangalie boila kwanza.

Mimi naishi Uingereza, huku Midlands, na Jumapili asubuhi watu wanapanga magari uwanjani wanafungua buti wanauza vitu vya zamani, ndiko nilikookota mashine zangu nyingi. Kwa hiyo nitaandika kwa kutumia ile ninayoijua zaidi, Mamod TE1a, trekta la mvuke lenye magurudumu mekundu, ila karibu kila nitakachosema kinaenda pia kwa injini za mezani na kwa za Kijerumani, na pale zinapotofautiana nitasema.

Kwanza ujue umeshika nini

Watu wanaita toi lakini ni mashine ya kweli kabisa, inachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu, udogo tu ndio unaoitofautisha na lile gari moshi la zamani. Wajerumani wa Nuremberg walikuwa wanazitengeneza tangu karne ya 19, majina kama Bing na Ernst Plank, na kule Göppingen kulikuwa na Märklin. Wilesco wa Lüdenscheid kampuni yao ni ya 1912, injini za mvuke wakaanza 1950. Marekani kulikuwa na Weeden wa New Bedford, halafu Jensen wa Pennsylvania ambao mashine zao nyingi zinachemsha maji kwa umeme (na hapa nikuonye mapema, Jensen ya umeme ni ya volti 110 hadi 120, ukiifikisha Dar au Nairobi ukaichomeka ukutani moja kwa moja imekwisha). Uingereza jina kubwa ni Mamod, ilianzishwa Birmingham miaka ya 1930 na Geoffrey Malins, na hilo neno Mamod ni Malins Models likafupishwa. TE1 ilitoka 1963, TE1a ikaifuata ikiwa na kishikio cha kuifanya irudi nyuma.

Sasa silinda yake inafanyaje kazi, hii ielewe vizuri kwa sababu nusu ya matatizo yote yako hapa. Kwenye Mamod na nyingi za bei ya kawaida silinda haijafungwa ikatulia, inayumba. Imening'inia kwenye pini moja na springi inaibana kwenye bamba la brasi. Bamba lina matundu mawili, moja linaleta mvuke kutoka kwenye boila, lingine linautoa nje, na silinda yenyewe ina tundu moja ubavuni. Krenki (ule mkono uliounganishwa na pistoni unaozungusha gurudumu) ikizunguka silinda inayumba, tundu lake linakutana na la kuingizia, mvuke unasukuma pistoni, kisha linahamia kwenye la kutolea, mvuke uliotumika unatoka. Hakuna valvu nyingine yoyote ndani. Ni brasi kwenye brasi na oili katikati, basi. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo tu kwenye huo uso unaweza kuifanya injini iishie kupumua bila kuzunguka.

Kuikagua kabla ya kununua au kabla ya kuigusa

Anza na boila kabla ya rangi au magurudumu. Boila za Mamod ni brasi nyembamba na maungio yake yamelehemiwa kwa risasi laini, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu hivi. Maji yakiwemo ndani hakuna shida, kwenye presha ya bar 1 maji yanachemkia nyuzi 120 tu, kwa hiyo hayaruhusu brasi ipite sana hapo. Maji yakiisha moto ukiwa bado unawaka, brasi inapanda joto haraka, risasi inayeyuka, maungio yanaachia. Injini nyingi sana zilizokufa zilikufa hivo. Alama zake: brasi imebadilika rangi ikawa ya bluu au zambarau au nyeusi upande wa chini, risasi imetiririka ikaganda kama machozi pembeni ya maungio, kichwa cha boila kimevimba au kimekaa upande. Ukiona mojawapo, bei ishuke sana au uiache.

Itikise karibu na sikio. Ukisikia mchanga mchanga ndani hiyo ni magadi ya maji, ile chokaa inayoganda kama ndani ya birika, inasafishika. Fungua kile kifuniko cha juu, ambacho kwenye Mamod ndicho valvu ya usalama yenyewe, mulika kwa tochi ya simu uchungulie. Kijani kidogo ni kawaida. Brasi ikiwa imegeuka ya waridi kama shaba nyekundu na inavunjika vunjika ukiikwaruza, zinki imeshaliwa ikatoka, boila hiyo ni ya kuweka kwenye shelfu tu.

Zungusha flaiwili, lile gurudumu zito, kwa kidole. Ikigoma usiilazimishe hata kidogo, mara nyingi ni oili ya miaka arobaini imegeuka gundi, tone la oili nyepesi na usiku mmoja wa subira vinatosha. Nimeona krenki iliyopindwa na mtu mwenye haraka na kuinyoosha ni kazi kubwa mno kuliko kusubiri.

Na jambo ambalo silifanyii mchezo: kwenye mashine za zamani sana, za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na hata baadhi za baadaye, tambi za taa ya spiriti, washa (zile pete bapa za kuzibia maungio) na vile vitambaa vyeupe vya kuzuia joto vinaweza kuwa vya asbesto. Ukiona kitu cheupe au kijivu chenye nyuzinyuzi usikikwangue kikavu, usikipulize. Kiloweshe, kitoe kikiwa kibichi, kifunge kwenye mfuko, na uulize eneo lako wanakitupa vipi. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usipige msasa mkavu sebuleni watoto wakiwa wanacheza pembeni.

Kuifungua

Piga picha. Kila hatua, kila skrubu, piga picha mbili. Tafuta trei ya mayai au vikombe vidogo, kila kundi la skrubu kikombe chake. Skrubu na nati za Mamod za zamani ni za kipimo cha Kiingereza kinaitwa BA, sio milimita, na hapa watu wengi wanaharibu, anachukua skrubu ya M3 kwenye mkebe wake inaingia mzunguko mmoja na nusu halafu inakaza, anaongeza nguvu, uzi umeliwa. Kama imepotea agiza ya BA, seti nzima sio ghali. Wilesco ni Mjerumani, yeye ni milimita.

Bisibisi iwe inajaa kwenye mfereji wa skrubu. Koleo usiishikishe moja kwa moja kwenye brasi, weka kipande cha ngozi katikati. Brasi ni laini na alama ya meno ya koleo haitoki tena.

Kusafisha ndani ya boila

Hapa ndiko penye faida kubwa na wengi hawafiki. Magadi ndani ya boila yanazuia joto kupita, injini inachelewa kupata presha, na vipande vyake vikibanduka vinaenda kukaa kwenye bomba la mvuke au kwenye kile kiti kidogo cha valvu ya usalama, valvu haifungi au haifunguki.

Tumia asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa ajili ya kusafishia birika na mashine za kahawa. Kijiko cha chai kimoja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, jaza boila, iache nusu saa, tikisa, mwaga, angalia rangi. Rudia mpaka inatoka safi. Usiiache usiku kucha. Siki na ndimu pia zinafanya kazi, mama zetu pwani wamesugua masinia na mabuli ya shaba kwa ndimu tangu zamani, lakini asidi ikikaa muda mrefu kwenye brasi inakula zinki na utaishia na ile rangi ya waridi niliyoisema. Ukimaliza suuza na maji yenye magadi soda kidogo, halafu maji safi mara tatu nne.

Kusafisha nje, na neno moja kuhusu rangi

Nje anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na mswaki laini. Hapo tu utashangaa. Masizi yaliyogandamana chini ya boila yatoke kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Brasi iliyo wazi unaweza kuing'arisha kwa Brasso, ila taratibu, na jivu au mchanga hapana, hiyo ya kusugulia sufuria isikaribie hapa, inaacha mikwaruzo. Na uhakikishe ni brasi kweli. Boila nyingi za Wilesco na za Kijerumani za zamani zimepakwa nikeli, ukisugua na Brasso kwa nguvu nikeli inatoka na huwezi kuipaka upya mwenyewe nyumbani.

Kuhusu rangi nina msimamo na sitauficha. Rangi ya kiwandani iache hata ikiwa imebanduka na kuungua kidogo karibu na moto. Ile alama ya kuungua ni mtoto wa Birmingham au Coventry aliyekaa chini sakafuni mwaka 1968 akaiwasha, na ukishaipaka upya umeifuta na bei ya mashine umeishusha vilevile. Paka upya pale tu kutu inapokula bati lenyewe, au mtu alishaipaka rangi ya nyumba. Ukipaka tumia rangi ya kustahimili joto kwenye sehemu zinazozunguka moto.

Silinda na bamba

Toa springi na nati ya pini, silinda inatoka. Toa pistoni. Vyote vioshe kwa spiriti au mafuta ya taa mpaka gundi yote itoke. Angalia ule uso bapa wa silinda na bamba lake kwenye mwanga, ukielekeza kwa upande. Ukiona mistari ya mviringo au kona zenye giza, uso haugusani vizuri na mvuke unapita.

Dawa yake ni kusawazisha. Tafuta kioo kizito kilichonyooka, kipande cha dirisha nene kinafaa, weka juu yake msasa wa maji namba 1200, dondosha oili nyepesi, weka uso wa silinda chini, sogeza ukichora namba nane kwa mkono mwepesi. Usikandamize, uzito wa kidole tu. Kila baada ya namba nane kumi geuza uangalie, ukiona uso wote umekuwa na rangi moja hamia kwenye 2000 umalize. Bamba nalo hivyohivyo kama linatoka, kama halitoki gundisha kipande cha msasa kwenye kijiti bapa. Osha mpaka usione hata chembe ya msasa, chembe moja ikibaki utarudia kazi yote.

Springi ya silinda ina kazi mbili. Inabana silinda kwenye bamba, na vilevile presha ikizidi inaachia kidogo mvuke upenye, yaani ni kama usalama wa pili. Nimekutana na mashine ambazo mtu alikaza ile nati mpaka mwisho ili kuziba uvujaji, hapo umeziba na njia ya kuponea, na juu ya hilo injini inakuwa nzito haizunguki. Kaza kiasi ambacho ukiisukuma silinda kwa kidole inatoka kwenye bamba na kurudi yenyewe.

Valvu ya usalama

Nunua mpya. Ningeweza kuishia hapo. Valvu mpya zinauzwa kwa karibu kila modeli ya Mamod na Wilesco na bei yake ni ndogo ukilinganisha na chochote kingine kwenye mashine. Ya zamani iweke kwenye bahasha pamoja na mashine, mwenye kukusanya ataitaka.

Kama kwa sasa huna mpya, angalau ijaribu: vuta kile kishina kwa vidole, kiwe kinapanda na kurudi chenyewe kwa springi bila kukwama. Kikigoma, loweka kwenye asidi ya sitriki dakika kumi, suuza, jaribu tena. Kikiendelea kugoma usiwashe mashine hiyo. Na usinyooshe springi yake wala kuiwekea springi ya kalamu, watu wanafanya hivo ili injini ikimbie zaidi. Boila hizi zimeundwa kwa presha ya bar 1 hadi 1.5 tu. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka karibu mara 1,600, hiyo nguvu haijali kwamba kitu chenyewe ni cha kuchezea.

Kupima boila kwa maji baridi

Hatua hii wengi wanaruka na ndiyo inayokwambia ukweli. Boila inapimwa kwa maji baridi, imejaa hadi juu bila hewa hata kidogo, kwa sababu maji hayabanwi, kitu kikiachia unapata mchirizi wa maji tu na sio kishindo. Usiipime kamwe kwa hewa ya kompresa, hewa iliyobanwa ikipasua boila inarusha vipande.

Unachohitaji ni pampu ndogo ya mkono, geji inayosoma mpaka bar 4 hivi, na kiungo cha kuingia kwenye tundu la valvu ya usalama. Bomba la mvuke liwe limezibwa. Pandisha taratibu mpaka mara mbili ya presha ya kazi, yaani kama inafanya kazi kwa bar 1 nenda bar 2, iache dakika kumi. Sindano ya geji ikitulia na boila haijabadilika umbo umefaulu. Mafundi bomba wanazo pampu za kupimia mabomba, unaweza kuazima, ila geji zao zinasoma mpaka bar 60 au zaidi, kwenye 2 huoni kitu, kwa hiyo geji badilisha. Ukiwa Uingereza au Ujerumani vikundi vya watengeneza modeli wana vifaa hivi na ukiwauliza kwa adabu wanakusaidia.

Ikivuja kwenye uzi wa kifuniko au kioo cha maji (kile kidirisha cha kuonyesha maji yalipofika) ni washa tu, badilisha. Ikivuja kwenye maungio ya risasi, hapo inahitaji kulehemiwa upya, na kama hujawahi usijifunzie hapa. Nyumbani mtu anayeifahamu kazi hii ni fundi rejeta, yeye brasi na risasi ndio maisha yake, lakini mwambie mapema kwamba kuna maungio mengine ya risasi karibu, ayafunike kwa kitambaa kibichi, na moto wake uwe mdogo, maana ule wa rejeta la lori utaifungua boila yote kwa sekunde. Akimaliza osha asidi yote aliyotumia kulehemu halafu pima upya.

Maji, moto na oili

Maji ya bomba ya sehemu nyingi yana chokaa, na ya visima vya Dar mengi yana chumvi unaionja kabisa, hayo yote yataganda ndani. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled), au ya mvua yaliyochujwa vizuri. Madukani yanauzwa maji ya betri, sawa, lakini hakikisha ni yale ya kuongezea na sio asidi ya betri, chupa zinafanana, soma kibandiko mara mbili. Baada ya kuingia kwenye boila maji hayo sio ya kunywa wala ya chai tena, kuna risasi mle.

Moto: Mamod za zamani zilitumia taa ya spiriti, kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1970 wakahamia vidonge. Vidonge vya zamani ni heksamini na moshi wake ni mbaya kwa kifua, washa nje au madirisha yote wazi. Uingereza tangu Oktoba 2023 heksamini inahitaji leseni kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo usiagize tu bila kuuliza. Kwenye ndege usijaribu kubeba vidonge wala spiriti, hata kwenye begi la chini, mashine isafiri peke yake ikiwa kavu na safi. Spiriti nayo moto wake mchana hauonekani. Usijaze taa ya spiriti ikiwa ya moto hata kama unaona imezimika, subiri ipoe mpaka unaishika kwa mkono mtupu, ndoo ya mchanga au kitambaa kibichi viwe karibu.

Oili: ndani ya silinda inatakiwa oili ya mvuke, nzito, ile ya ISO 460 au 220 iliyochanganywa na mafuta ya wanyama ili ishike kwenye brasi yenye maji. Kwenye bushi (vile vipete vinavyoshikilia ekseli) na ekseli oili ya kawaida ya SAE 30 inatosha. Usiweke oili ya gia, nyingi zina salfa na kwenye joto inakula brasi. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, ndiyo ile uliyohangaika nayo mwanzoni.

Kuiwasha

Kabla ya moto ijaribu kwa upepo. Pampu ya baiskeli, presha ndogo tu, oili kila kiungo, pulizia huku unazungusha flaiwili kwa kidole. Ikizunguka kwa upepo, kwa mvuke itaruka.

Sasa weka mashine kwenye sinia la bati, nje, mahali pasipo na upepo, meza iliyotulia. Fungua ile skrubu ndogo ya kimo cha maji, mimina maji ya moto kwa sindano ya plastiki mpaka yaanze kutoka hapo, funga. Zenye kioo jaza mpaka robo tatu ya kioo. Maji ya moto kutoka kwenye birika yanakuokolea nusu ya moto wako. Isijae kabisa, mvuke unahitaji nafasi juu.

Na hapa ndipo pale nilipotaka tufike. Moto uishe kabla ya maji. Siku zote. Boila yangu ya kwanza niliiunguza kwa kuongeza kidonge kimoja nikiwaonyesha wageni, walifurahi wakasema tena, nikaona kioo kiko kitupu nikadhani ni masizi yamekiziba, kumbe maji yalikuwa yamekwisha kweli, na maungio ya nyuma yakaachia mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo napima: maji kiasi fulani kwa sindano, spiriti au vidonge kiasi fulani, nakaa na saa, moto ukizima nasubiri ipoe nafungua napima maji yaliyobaki. Lazima ibaki angalau robo. Haikubaki, punguza moto mara nyingine. Kila mashine ina kipimo chake, kiandike kwenye karatasi ukibandike chini ya boksi, hata mtu mwingine akiirithi ajue. Na hakuna kuwasha mara ya pili bila kujaza maji upya, hata ukiombwa na nani.

Washa, sukuma moto chini ya boila, subiri. Dakika chache utasikia kama birika linaloanza kuimba. Valvu ya usalama ivute kidogo kwa koleo ndogo uone mvuke unatoka. Zungusha flaiwili taratibu mara nyingi, mara ya kwanza silinda itatema maji ya moto, weka mkono wako mbali, ni mvuke unaogeuka maji kwenye silinda baridi. Ghafla unaona haihitaji kidole tena. Inaenda yenyewe. Huo mlio, na harufu ya oili ya moto, mimi mpaka leo naacha kuongea kidogo.

Zangu zinakwenda dakika kumi mpaka kumi na tano kwa maji ya mara moja. Ukishazoea ndio uvishe ile springi nyembamba inayopeleka mzunguko kwenye gurudumu la nyuma uiache itembee, sakafu iwe laini na mtoto asimame nyuma yake, sio mbele, na mkubwa awepo muda wote.

Ikigoma

Presha ipo, mvuke unatoka kwenye bamba la silinda kwa wingi: uso haujasawazika au springi imechoka. Inazunguka nusu halafu inasimama kila mara sehemu ileile: krenki imepinda kidogo au pistoni ina kona kavu, oili kwanza ndipo uilaumu krenki. Inatema maji muda wote: umejaza sana, au boila ina sabuni au oili ndani na maji yanatoa povu. Haipati presha kabisa: valvu haifungi, au moto umekaa mbali, au upepo. Inazunguka kinyume: kile kishikio cha TE1a kiko upande wa pili, kigeuze.

Ukimaliza siku hiyo

Acha moto uishe wenyewe. Subiri presha ishuke kabisa, vuta valvu uhakikishe hakuna kinachotoka, ndipo ufungue, na ufungue ikiwa bado na uvuguvugu, kwa sababu ikipoa imefungwa mvuke unageuka maji, ndani panabaki utupu na utahangaika kufungua. Mwaga maji, iache wazi ikauke kwa joto lake lenyewe. Futa oili na maji yote, hasa chini kwenye bati ambako kutu inaanzia, na kwetu pwani hewa ya chumvi haisamehe. Tone la oili ya mvuke kwenye silinda, zungusha mara kadhaa, oili kwenye bushi, kisha ihifadhi kifuniko kikiwa hakijakazwa, kwenye boksi kavu lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.